Masikio Yaliyokosa Mwenyewe

Zamani kwetu Newala mtoto akizaliwa hakuhesabika kuwa wa watu mpaka agawiwe. Sisemi jina, jina lilikuwa na siku yake. Nasema mwili. Kitovu kikishadondoka, wanawake wazee wa pande zote mbili walikuja, wakakaa kwenye mkeka, mtoto akalazwa uchi katikati juu ya kanga, nao wakaanza kumgawana kama kuku wa sikukuu.

Upande wa mama ulianza. "Paji hili la kwetu."

"Lenu? Nyinyi mna paji au mna kibao cha mbuzi?"

"Haya, chukueni paji. Vidole vya miguu hatutoi, angalieni kidole cha pili kilivyompita mkubwa wake. Hicho ni cha marehemu bibi yetu, mtake msitake."

Walibishana hivyo mpaka mtoto akalia, na hata kilio kikagawiwa. Mimi nilipewa miguu ya bibi mzaa mama, kwa sababu alikuwa mpanda mlima. Maji wakati ule yalikuwa bondeni na sisi tulikaa juu, na asiyejua Newala hajui maneno hayo yana uzito gani. Ulishuka na ndoo tupu ukiimba, ukapanda na ndoo iliyojaa ukiwa kimya, kisigino kikitafuta mzizi wa kukanyaga. Siku nilipofikisha ndoo yangu juu bila kumwaga, mama alinitazama miguu, hakunitazama usoni. Akasema, "Bibi yenu hajafa huyu." Nilijiona mkubwa mno. Mpaka leo nikiosha miguu huwa namsalimia bibi.

Nilisoma mpaka darasa la nne, la tano nikaliona kwa mbali. Nikachezwa unyago, nikaolewa, nikashuka na mume wangu mpaka Lupaso, upande wa Masasi, tukalima mikorosho. Nilizaa watoto sita. Watano waligawiwa kwa kelele zote za haki yao. Wa kwanza, binti, alikombwa mzima na upande wa mume, nikabakiziwa mwanya wa meno ambayo hata hayajaota. Nilinuna wiki nzima.

Wa sita ndiye kitinda mimba wangu, naye ndiye ninayeandika haya kwa ajili yake.

Nilimzaa nikiwa nimepita arobaini, nikidhani tumbo limeshafunga duka. Alikuwa laini. Ukimnyanyua, mikono na miguu ilining'inia kama nguo mbichi. Macho yalipanda kidogo pembeni, ulimi ulipenda kuchungulia, kiganjani alikuwa na mstari mmoja uliokata moja kwa moja kama njia ya siafu, na masikio yalikuwa madogo, yamekunjika kwa juu. Kwangu alikuwa mzuri. Alininyonya taratibu kama mtu aliyealikwa.

Siku ya kitovu wazee walikuja. Mama yangu alishuka kutoka Newala, mama mkwe wangu alikuwapo. Nikamlaza mtoto juu ya kanga. Nilingoja mtu aanze.

Hakuanza mtu.

Mama mkwe alinyoosha kidole kwenye miguu, akakirudisha. Shangazi mmoja alikohoa. Mama yangu mzazi, mwanamke ambaye kwenye kugawana alikuwa mkali kama pilipili, alichukua pindo la kanga akamfunika mtoto, akasema, "Leo jua kali. Tutamgawa siku nyingine."

Wakala, wakaondoka. Siku nyingine haikuja.

Sasa, kwetu sisi mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba ni baba, tunamheshimu, lakini mtoto akiwa na akili mjomba ndiye anayetembea kifua mbele. Basi na lawama hufuata njia hiyo hiyo. Watu hawakumuuliza mume wangu hata neno moja. Waliniuliza mimi. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye mjomba wa wanangu wote, alikwenda na mama kumwaga unga kwenye kaburi la bibi, wakauliza nani kakasirika. Mama alinihoji chumbani: "Ulikula nini?" Nikakiri kwamba nilikula mayai. Mwiko wa mayai kwa mwenye mimba niliujua, lakini tamaa ilinishika, nikachemsha matatu nikala nyuma ya banda la kuku kama mwizi. Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Yale mayai matatu nimeyabeba zaidi ya miaka thelathini, mazito kuliko ndoo zote za Newala.

Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwa msemaji. Jioni moja alinikuta nalia, akanishika mkono akanipeleka kwenye mikorosho. Tulikuwa na mkorosho mmoja karibu na nyumba, mfupi, mpana kama mwavuli, unazaa mpaka matawi yanalala chini. Miaka ya nyuma alichukua korosho za mti ule, akachagua nzitonzito, zile zinazozama ukizitia kwenye maji, akapanda shamba zima. Alijisifu njia nzima kwamba amepata shamba la mkorosho ule. Miti ilipozaa, mama wee! Huu mrefu kama nguzo, huu mabibo mekundu, huu ya njano, huu korosho zake kama kucha ya mtoto. Alikasirika, akautukana mti mama kwamba umemtapeli. Wala hakuwa peke yake, nusu ya Lupaso tulilimia ujinga huo, mpaka miche ya kubebesha ilipokuja, ya kuunganisha kijiti cha mti mzuri kwenye mche mwingine.

Basi jioni ile aliniuliza, "Upo hapa mti uliofanana na mama yake?"

"Haupo."

"Umeukata mmojawapo?"

"Hapana."

"Basi nyamaza. Mtoto analia njaa."

Hayo ndiyo maneno yote aliyowahi kusema juu ya jambo lile.

Kitinda mimba wangu alichelewa kila kitu, lakini alifika. Alitembea na miaka mitatu. Shule alikaa darasa la pili mpaka benchi likamzoea, kisha akarudi nyumbani. Lakini mpeleke kwenye korosho! Msimu ukifika, yeye hukaa chini ya mti na kapu lake, anachukua bibo, anazungusha korosho kwa vidole vyake vifupi, tap, imetoka, bibo huku, korosho huku. Hachoki kwa kuchoshwa na kazi, huchoka kifua tu, na akichoka hukaa akahema, akaendelea. Mimi ningechanganya mpya na za mwaka juzi na mchanga. Kapuni mwake huoni jani. Na salamu. Anamwamkia kila mtu shikamoo, mpaka watoto wa shule. Wale mafedhuli humjibu "Marahaba, mjukuu wangu," halafu hucheka, naye hucheka nao, kwa sauti kubwa kuliko yao. Nilikuwa nawakimbiza na fimbo. Baadaye nikaona anayefaidi kicheko ni yeye.

Nina aibu moja na nitaiandika kama ilivyo. Binti yangu wa kwanza alipoolewa, mdogo wangu alisema tumfiche kitinda mimba, wageni wasimwone. Nikakubali. Nikampeleka kwenye kibanda cha shamba pamoja na jirani, nikamdanganya kuna kazi. Mchana, ngoma imeshika moto, nikamwona anakuja njiani peke yake, kapu la mabibo kichwani, gauni limelowa. Alimwekea dada yake kapu miguuni mbele ya wageni wote, akasema, "Ya harusi." Nilitamani nimezwe na ardhi, na si kwa sababu ya wageni.

Miaka ikaenda. Binti yule wa kwanza akazaa binti, nikamlea mimi huku mama yake akihangaika na genge lake la mboga Masasi mjini. Mjukuu huyu ana kichwa. Alisoma mpaka akawa mwalimu, anafundisha baiolojia sekondari, na ukimwona anavyotembea na vitabu vyake utadhani mimi ndiye niliyeviandika. Ndiye pia aliyempeleka mama yake mdogo hospitali kubwa, wakamtoa damu ikapelekwa mbali, ikarudi karatasi. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaifungia sandukuni bila kuuliza imesema nini. Niliogopa isije ikataja mayai.

Mwaka juzi ikaja posa ya mjukuu huyu, kutoka Newala, watu wa huko huko kwetu. Siku mbili kabla ya wageni mdogo wangu alikuja, akakaa, akapokea maji, akasema, "Dada, yule tumpeleke Lulindi kwa ndugu yetu, arudi wageni wakishaondoka. Wakimwona watasema damu yetu ina doa. Posa itakufa."

Nikasema nitafikiri. Maana yake nilishakubali, nilitaka tu anione nafikiri.

Alipoondoka nilikuwa uani nakaanga korosho za wageni. Mjukuu wangu alikuwa amesikia kila kitu. Akakaa mbele yangu, akavuta ungo.

"Bibi, nipe hizi."

"Za wageni. Usinichezee."

"Nitarudisha." Akaanza kuzipanga kwenye mkeka mbilimbili, mstari mrefu. "Hizi jozi ishirini na tatu. Zinaitwa kromosomu. Zimo katika kila seli ya mwili wako, ndogo hata jicho haliwezi kuziona, na ndani yake ndiko kulikoandikwa pua, rangi, urefu, ule mwanya wetu, vyote. Kila jozi, moja umepewa na mama, moja na baba."

"Moja na baba?"

"Nusu kwa nusu, Bibi."

"Na ukoo?"

"Ukoo ni wetu sisi. Mwili haujui ukoo."

"Usimwambie mdogo wangu, babu yako huyo mwenye kulinda posa. Atakufa na presha."

Alicheka, akaendelea. Yai la uzazi likitengenezwa, jozi zinaachana, moja inachukuliwa na moja inabaki, bila kuchagua, ndiyo maana tumbo moja hutoa watoto sita na hakuna anayemrudia mwenzake. Hapo nikaiona mikorosho ya mume wangu, mmoja mmoja, mpaka ule wa korosho kama kucha. Nusu ya kila korosho ilitoka kwa maua ya miti ya jirani, na nusu ya mama yenyewe ilichangwa upya kama karata kila ua lilipofunguka. Maskini, na alivyoutukana.

"Sasa tazama hapa," mjukuu akasema. "Jozi ya ishirini na moja. Kwa mama mdogo, siku hiyo haikuachana. Zote mbili ziliingia kwenye yai. Babu akaleta yake moja." Akaweka korosho ya tatu pembeni ya zile mbili. "Zikawa tatu. Ndiyo karatasi iliyomo sandukuni kwako."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

"Nani aliizuia kuachana?"

"Hakuna mtu, Bibi. Hutokea. Mama akiwa na umri mkubwa hutokea zaidi, lakini hata kwa binti wa miaka ishirini hutokea."

Nikazitazama zile tatu. Kisha nikauliza kwa sauti ndogo, kama naulizia mtu mwingine, "Mtu akiwa amekula mayai?"

Alinitazama. Ana macho ya babu yake. "Ungekula trei zima, Bibi. Mayai hayahusiki. Wala kaburi."

Nikasimama nikaenda kugeuza korosho zilizokuwa zimeshageuzwa. Moshi ulinifaa siku ile.

Niliporudi nikamuuliza lile la wageni. "Na wewe, utazaa hivi?"

"Naweza, kama mwanamke yeyote. Si kwa sababu yake. Ipo aina moja ya nadra inayotembea katika familia, hospitali waliitafuta, siyo hii ya kwetu."

Kitinda mimba akatoka ndani, akatazama mkeka, akainama, akaokota ile ya tatu akaila. "Tamu," alisema. "Chumvi kidogo."

Siku ya wageni ikafika. Asubuhi bodaboda aliyeitwa na mdogo wangu alisimama uani, injini inanguruma. Kitinda mimba alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, mfuko mkononi. Aliniuliza, "Mama, wageni wanakuja?"

"Wanakuja."

"Nani ataleta maji?"

Miaka yote hiyo, mwenye kupeleka maji ya kunawa kwa wageni ni yeye. Nikaliona lile kapu la mabibo linakuja tena njiani. Nikamwambia mwenye bodaboda azime au aondoke, akaondoka.

Mdogo wangu alipaza sauti. "Dada! Unaua posa ya mtoto!"

"Posa itakayokufa kwa kumwona mwanangu, basi imekuja hapa ikiwa maiti. Kaa, ule korosho."

Wageni walikuja sita, mjomba wao mbele, mama wa kijana nyuma yake, mwanamke mzito mwenye macho yasiyocheka haraka. Kitinda mimba akaleta beseni na maji. "Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo." Alipofika kwa yule kijana muoaji akamwamkia vilevile, shikamoo, na mimi nikaitafuta fimbo kwa macho, maana niliyazoea majibu ya vijana. Kijana akainuka kitini. Akasema, "Shikamoo wewe, mama mdogo."

Lakini posa si ya kijana peke yake. Mama yake alinigeukia. "Mkwe, huyu naye?"

"Kitinda mimba wangu."

Mjomba wao hakuzunguka. "Hili jambo lake litatufuata?"

Kwa desturi yetu anayeposwa hasemi, yupo chumbani, mlango umerudishwa. Mwalimu wa nyumba yangu alikuwa ndani amefungwa mdomo, na nje nimebaki mimi na darasa la nne langu. Nikavuta ungo. Nikaanza kupanga korosho. Nilipanga jozi kumi na saba, nikapotea, nikasema ishirini, chumbani mtu akakohoa. Nikarudia. Kitinda mimba akachuchumaa, akawa ananipa mbilimbili kama anavyofanya shambani, na kukohoa kukakoma. Nikawaambia yote: nusu kwa nusu, kuachana, kutoachana, ya tatu. Nikatoa na karatasi sandukuni. Mdogo wangu alitazama dari tangu mwanzo mpaka mwisho, ila aliposikia nusu kwa nusu alishusha macho kidogo.

Mjomba wao akasema, "Tumesikia. Tutarudi." Na korosho walikula zote, mpaka zile za somo.

Wiki tatu zilipita. Mdogo wangu hakukanyaga kwangu. Mjukuu alikwenda kazini, akarudi, hakuniuliza kitu, na kutoniuliza kwake kulinitafuna. Usiku nilijiuliza kama nimeiuza bahati ya mmoja kwa ajili ya heshima ya mwingine. Nikawa naamka kupembua kunde ambazo zilishapembuliwa.

Wiki ya nne wakarudi. Yule mama mzito ndiye aliyesema. "Kikao kilikuwa kirefu, mkwe. Hizo hesabu zako za korosho mimi sikuzielewa, nilielewa nusu. Lakini niliwaambia wenzangu, nyumba ya kuogopa ni ile inayoficha mtu. Hii imemtuma aje atunawishe mikono."

Walioana. Kapu la mabibo lilikuwapo, kitinda mimba alilileta tangu alfajiri, tukalitanguliza mbele.

Mwaka huu mjukuu wangu amejifungua, msichana. Desturi ya kugawa ilishaanza kufa, siku hizi watu wanatumiana picha kwenye simu na basi, lakini mimi nilisema hapana, kitukuu wangu hatagawiwa na simu. Tukatandika mkeka. Mkwe, yule mama mzito, alikuja na wanawake wa kwao. Tukagombana vizuri mno. Mkwe alichukua pua na nyusi, mimi nikachukua miguu, na nikaonyesha kile kidole cha pili, wakanyamaza wenyewe. Mwalimu, mama wa mtoto, alikaa ukutani anatazama tu, akasema, "Nusu kwa nusu, bibi zangu." Tukamwambia anyamaze, hapa si darasani.

Tulipomaliza, kitinda mimba wangu, aliyekuwa amekaa nyuma yangu muda wote, akanigusa bega. "Na mimi?"

"Na wewe nini?"

"Mimi wa nani?"

Mkwe akaniangalia. "Huyu hakugawiwa?"

"Hakugawiwa."

"Miaka yote hii?"

"Walisema jua kali."

Mkwe akajisogeza pembeni. Aliupiga mkeka kwa kiganja. "Njoo ukae hapa katikati, mwanangu. Baki na nguo zako, wewe ni mkubwa."

Akakaa. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na mvi mbili tatu, amekunja miguu kwenye mkeka wa kichanga. Kwa kuwa waliopaswa kumgawa wote wako kaburini, niliwasemea mimi. Kicheko nikampa mama yangu, kwa sababu ni chake hasa, na kwa sababu anadaiwa. Kulala na kiganja chini ya shavu, baba yake. Mwanya, tazameni, huu hapa, ule ule ulioanza Newala. Ukaidi, mama mkwe wangu, na kama hataki aje aseme. Wenzangu wakaingilia, mmoja akadai mabega ni ya Kimakonde, mwingine akauliza tangu lini mabega yana kabila. Kitinda mimba alikuwa anageuza kichwa kwa kila anayesema, mdomo wazi, hataki limpite hata moja.

Tukafika kwenye masikio. Yale madogo, yaliyokunjika kwa juu.

Nilitafuta. Nilipita upande wangu wote, mpaka wale niliosimuliwa tu. Nikapita upande wa mume. Sikuyaona. Mkeka ukanyamaza, nami nikausikia ule ukimya wa zamani unavuta kanga yake.

Yeye akainua mikono yote miwili, akayashika masikio yake.

"Haya yangu," alisema.

Mkwe akaitikia kwa kichwa, kama jambo lililokatwa na kikao. "Haya. Hayo yana mwenyewe. Jamani, chakula."

Akainuka akaenda kuleta maji ya kunawa.